Duara Lile Halikuwa Lako, Mama

Nairobi, Jumapili ya tatu ya mwezi wa nane

Mpendwa Mama,

Leo imetimia miezi minne na wiki moja tangu uniage pale barabarani Werugha, nikiwa na lile gunia la magome mgongoni. Ukungu ulikuwa haujapanda. Wewe ulikuwa umevaa sweta yangu ya zamani ya shule, ile iliyotoboka kiwiko, na umesimama kwa mguu mmoja, ule mwingine umeuegemeza kwenye fimbo kama kitu cha mtu mwingine. Uliniambia nisiliweke gunia karibu na mtungi wa dizeli, maana gome hunyonya harufu. Sikuliweka. Nililipakata hadi Nairobi.

Barua hii nimemtumia Mkawasi, na nimemwomba mdogo wangu huyo aisome kwa sauti siku ya Alhamisi, kikundi cha akina mama kikikutana hapo nyumbani. Najua hutapenda. Mambo ya mwili wako hutaki yasemwe mbele za watu. Lakini mwezi uliopita nilikuambia jambo kwenye simu, wewe ukalisema kanisani, likatoka kanisani likaingia sokoni, na sasa Mkawasi ananiambia watu wanapanda na chupa tupu, wengine kutoka Mraru, kuchukua dawa ya Mama Mwakio iliyopimwa Nairobi. Jambo lile halikuwa kweli. Lilitoka kinywani mwangu, na kwa sababu lilikwenda wazi, ninalirudisha wazi.

Naanza nyuma kidogo, univumilie.

Unakumbuka Pasaka nilivyokukuta. Kidole gumba cha mguu wa kulia ulikuwa umekifunga kwa kitambaa cha leso, na uliponiona nakitazama ulivuta rinda chini. Kilianza na kokoto tu ndani ya gambuti, ukikata majani ya ng'ombe, na kwa sababu una sukari hukusikia maumivu mpaka usaha ulipokuja wenyewe. Daktari wa Voi alikuwa amekwisha kukuona. Alisema kidole kikatwe mapema, kabla uozo haujapanda, akakuandikia siku ya kurudi kwenye kadi. Kadi uliiweka ndani ya Biblia na hukuitaja tena. Asubuhi na jioni ulichemsha gome lako, ukaliacha lipoe, ukaosha.

Nilikuwa nimekueleza kazi yangu bila kuipamba. Niliishia kidato cha pili, kwa hiyo maabara ya chuo sikuingia kwa mlango wa wasomi. Mimi ni kibarua. Naosha chupa na visahani, nasaga magome na mizizi kwenye mashini inayopiga kelele kama posho mill ya kusaga mahindi, natupa takataka baada ya kuzipika kwa mvuke. Jioni kifua kimejaa vumbi la dawa za makabila yote ya Kenya, na mgongo haukunjuki. Nilikuambia pia kuna mwanafunzi anaitwa Nduku, msichana wa Kikamba mwenye adabu, anayepima dawa za miti aone kama zinaua bakteria, wale wadudu wasioonekana wanaoozesha vidonda. Alikuwa anatafuta miti ya milima yetu.

Ulichochea moto. Kisha ukasema, "Wapime yangu."

Nilicheka nikidhani ni mzaha. Hukucheka. Ukasema, "Wakisema haifai, nitateremka Voi nikatwe, wala sitalia. Wakisema inafaa, wewe na daktari wako mniache na mguu wangu." Mkawasi alikuwa mlangoni na sufuria ya maziwa. Aliniangalia mimi, hakukuangalia wewe. Nami nikakubali, kwa sababu niliona ni bahati: hatimaye umesema kwa kinywa chako kwamba kuna siku unaweza kwenda.

Kesho yake tulishuka matuta matatu mpaka kwenye mti wetu. Jina lake sitalitaja hapa, uliniapisha. Niliutia panga kwa haraka na ukanigombeza mbele ya ng'ombe. Gome hukatwa upande wa jua kuchomoza, upana wa kiganja, wala halizungushwi. Halafu ukaniagiza nikoroge udongo na mavi ya ng'ombe, ukapaka mwenyewe pale palipobaki weupe, ukainama kwa shida, ukabonyeza kingo kwa kidole gumba cha mkono. Nilikuuliza ya nini, mti haulii. Ukasema, "Ukiuacha wazi unaingiliwa." Ukafuta mikono kwenye nyasi, tukapanda kurudi, wewe mbele, na kila tuta ulisimama ukijifanya unatazama mahindi ya jirani.

Gome lako Nduku alilipa namba saba. Nililianika mwenyewe kivulini, nikalisaga mwenyewe, nikaifuta mashini mara mbili kwanza ili lisichanganyike na la mtu mwingine. Yeye akaligawa sehemu mbili: moja aliloweka kwenye maji ya moto kama unavyofanya wewe, nyingine kwenye spiriti, maana spiriti hutoa vitu ambavyo maji huviacha ndani.

Jaribio la kwanza halikuwa la wadudu. Kuna maji ya rangi ya zambarau. Unatia dawa, na dawa ikiwa na nguvu fulani zambarau inapotea, inabaki njano. Yako ilipoteza zambarau nikiwa bado sijamaliza kukung'uta mikono. Nduku alinieleza kwa njia niliyoielewa: ukikata parachichi ukaliacha, linageuka jeusi, lakini ukilipaka limau linakaa. Nguvu hiyo ya limau ndiyo aliyokuwa anaipima, wao wanaiita antioksidanti, na gome lako linayo nyingi. Hilo nilikupigia simu nikakuambia, na hilo ni kweli mpaka leo. Ulifurahi, ukauliza kama parachichi lilikuwa la kwetu.

Sasa lile la pili.

Wadudu wenyewe hupandwa kwenye kisahani cha plastiki chenye kitu kama uji mzito ulioganda. Juu yake Nduku hupanga vikaratasi vinne vya duara, vidogo kama vile vinavyoanguka ukitoboa karatasi za faili, kila kimoja kimelowekwa kitu chake. Kisahani kinalala kwenye kabati la joto. Kesho yake uji wote umetanda ukungu, huo ndio wadudu waliozaana. Lakini mahali penye dawa kali, karatasi inazungukwa na duara safi, wadudu hawakuweza kusogea. Duara likiwa pana, dawa ni nzuri. Nilikuwa nimeosha mamia ya visahani hivyo, Mama. Niliona kwamba nimekwisha kujua.

Asubuhi ile, Alhamisi, nilifika kabla ya Nduku. Visahani vilikuwa mezani. Siruhusiwi kuvigusa mpaka nikabidhiwe vya kuosha, lakini Jumatatu yake ndiyo ilikuwa siku yako ya Voi, ile mpya iliyoandikwa kwenye kadi baada ya ile ya kwanza kupita, na nilitaka kujua kabla yako. Alama huandikwa kwa kalamu chini ya kisahani. Nilikiinua, nikakigeuza, nikaona namba saba iko upande wa kulia. Nikakirudisha chini taratibu, nikatazama kulia. Palikuwa na duara pana, jeupe, safi, kama mwezi. Sijawahi kuona kitu kizuri vile kwenye kazi hii.

Kitu ambacho sikufikiri ni kwamba ukikigeuza kisahani, kulia kunakuwa kushoto. Mtoto wa darasa la tatu angefikiri. Mimi sikufikiri, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kutoka nje na simu sikioni.

Nilikuambia namba saba imeshinda. Nikasikia kuku. Ukauliza, "Wote?" Nikasema wote, pameachwa peupe kama sahani iliyooshwa. Ndipo ukacheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu tumzike Baba, na kilinifanya nami nicheke peke yangu kando ya ukuta wa chuo kama mlevi. Ukaniambia nimwambie huyo mtoto wa Kikamba kwamba amefanya kazi safi na akija Werugha atakunywa maziwa ya kwanza. Kisha nikakusikia ukimwambia Mkawasi atoe nguo zako kwenye mkoba, azirudishe sandukuni, Jumatatu hakuna safari.

Nilisikia, Mama. Simu ilikuwa bado sikioni. Nikaona ni haki, tulikubaliana.

Sikumwuliza Nduku chochote, kwa sababu kumwuliza kungekuwa kukiri kwamba niligusa. Yeye hurudia kila jaribio mara tatu kabla hajaamini macho yake, kwa hiyo alirudia, wiki baada ya wiki, nami niliosha visahani vilevile bila kuvitazama, mtu aliyekwisha kupata jibu lake. Alipomaliza alikuwa anaandika kwenye daftari, nikamwambia kwa kujigamba kwamba namba saba ni kiboko.

Akainua kichwa. "Saba? Ya maji haikufanya kitu. Ya spiriti imeweka kiduara chembamba, kama ukucha uliokatwa."

Nikamwuliza lile duara pana ni la nani.

"Lile ni la dawa ya hospitali. Kila kisahani lazima kiwe na moja, tupate cha kulinganishia."

Nilikaa kwenye ndoo. Nikakiri nilivyokiinua kisahani, naye akakigeuza mbele yangu, akakirudisha, akakigeuza tena. Nikamweleza yote, simu, Jumatatu, mkoba. Nilitaka anifokee. Hakunifokea. Alisema kwa upole, na upole ndio uliniumiza, kwamba hata lile duara lingekuwa lako, kisahani si mguu. Kisahani hakina sukari. Kwenye mguu wenye sukari damu haifiki vizuri kwenye vidole, na unaweza kuua wadudu wa juu huku nyama ya ndani inakufa.

Nilimwomba kile kichupa cha ile ya spiriti. Sitaki kukuficha hata hili. Nilimwomba kwa kupiga magoti kwenye sakafu ninayoipiga deki mwenyewe, anipe nikuletee, hata kama ni kiduara cha ukucha. Alikifungia kwenye friji. Akasema hakijajaribiwa kwa mtu yeyote, na akinipa atakuwa amefanya nilichofanya mimi kwa simu.

Jioni ile nilikupigia. Unajua ulivyonijibu, lakini wenzako hawajui, basi wasikie. Uliuliza ni nani amenitisha. Nikasema hakuna, nilisoma vibaya. Ukasema, "Mwezi uliopita ulisema kwa mdomo wako. Mdomo si ni uleule?" Nikaanza kukueleza kulia na kushoto. Hukukata simu, uliiweka tu juu ya kigoda, ukaenda zako. Nilibaki nasikiliza redio yako na ndama akilia, mpaka Mkawasi alipokuja kuichukua.

Yeye ndiye huniambia sasa. Kidole cha pili kimegeuka rangi. Unaosha mguu nyuma ya nyumba ili asione maji yanayotoka. Unalala mguu nje ya blanketi. Chakula unasema umeshakula. Na watu wakija na chupa zao unatoka umefunga kitambaa kipya, unawachotea, unawaambia mwanangu yuko huko kwenye maabara, ameona kwa macho yake.

Kila siku nasikia hilo neno. Ameona kwa macho yake. Nikiwa kwenye mashini, nikiwa kwenye sinki, nikitafuta usingizi. Huku nilipo siwezi kushika chupa za watu, siwezi kukubeba, siwezi hata kukufanya ushike simu. Nimewahi kuwa na shida nyingi lakini siku zote kulikuwa na kitu cha kubeba au cha kuchimba. Hili halina mpini.

Akina mama mnaosikiliza, kama dawa hiyo mnaoshea mkwaruzo wa jana, hayo ni yenu na Mama. Lakini mwenye kidonda cha siku nyingi, au mwenye sukari, aimwage na aende hospitali. Asiseme Mwakio aliona. Mimi Mwakio sikuona.

Na wewe Mama, nina jambo moja tu la kukushika nalo, na ni lako mwenyewe.

Mtu akija na kidonda, zamani, hukumwuliza jina wala anakotoka. Ulimwuliza kimeanza lini. Cha wiki ulikiosha. Kilichopita mwezi ulikirudisha, hata angekuwa nani. Nakumbuka yule mtu wa Miasenyi aliyepanda na mbuzi wa kukulipa, mguu umefungwa kwa gunia, kidonda cha miezi mitatu. Alikusihi mpaka nikaona aibu. Ulimpa chai na viazi, ukamfungulia mbuzi wake mwenyewe, ukanituma nimshike mkono hadi barabarani apate gari la hospitali. Aliondoka anakulaani. Niliporudi nilikuuliza kwa nini hukumjaribia tu. Ulisema, "Nikimjaribia, ataningoja mimi wakati mguu haumngoji."

Mama, kokoto liliingia kwenye gambuti kabla ya Pasaka. Sasa ni mwezi wa nane. Angekuja mtu na mguu huo, ungemfungulia mbuzi wake.

Na nakumbuka nilipokanyaga msumari, nikiwa darasa la pili. Uliniosha kwa gome siku mbili. Siku ya tatu uliponusa, hukuchemsha tena, ulinibeba moja kwa moja hadi zahanati. Nilipoona sindano nilichomoka, nikakimbilia kwenye mikaratusi ng'ambo ya barabara, na mguu wangu mbovu nikapanda juu. Hukunifuata. Nilikuona kutoka kule juu: ulikaa kwenye jiwe la langoni, ukatoa kikapu chako ulichokuwa unasuka, ukaendelea kusuka. Watu wakaingia, wakatoka. Nesi akaja kukuuliza kitu, ukamjibu bila kuinua macho. Jua likazunguka upande wa pili. Niliona njaa, halafu nikaona haya, halafu nikashuka mwenyewe. Nilipofika karibu nikasimama mbali, nikidhani utanirukia. Ukasema, "Sikuja kukukamata. Nimekaa tu." Nikaingia kwa miguu yangu. Ulikunja kikapu, ukaingia nyuma yangu.

Msimamizi wa vibarua amenipa ruhusa kuanzia mwisho wa mwezi. Nikiondoka kabla, nafasi yangu itapata mtu siku hiyohiyo, wako wengi getini. Nimefikiri wiki nzima na sitangoja. Alhamisi, Mkawasi akiwa anakusomea haya, mimi nitakuwa nimemaliza visahani vya mwisho na kukabidhi ufunguo.

Ijumaa saa mbili asubuhi nitakuwa Voi. Sitapanda Werugha. Nikipanda utanipikia, utaniuliza habari za Nairobi, utafunga kitambaa kipya, na nitashindwa kama nilivyoshindwa Pasaka. Nakujua, na najijua. Nitakaa langoni mwa hospitali. Mkawasi anajua sweta yako ilipo na kadi iko ndani ya Biblia, sijui ukurasa gani, wewe unajua.

Ukinitukana ukifika, nitukane. Ukikataa kusema nami, nitabeba mkoba nyuma yako kimya. Usipofika Ijumaa nitakuwepo Jumamosi, na Jumapili, kwenye jiwe kama lipo jiwe, au chini.

Sitakuja kukukamata, Mama. Nitakaa tu.

Ni mimi mwanao wa kwanza,
niliyekubebea gome na nikakurudishia jibu lisilo lako,
Mwakio